Chapeo ya Korintho: kuichagua, kuikalisha kichwani, kuitia shungi na kuitunza

Chapeo nyingi za mtindo wa Korintho zinazouzwa kwa waigizaji wa historia, yaani watu wanaoigiza vita na maisha ya kale, hutoka karakana zikiwa bakuli tupu, au zina mikanda miwili mitatu ya ngozi iliyopigwa ribiti ndani basi. Ukiivaa hivyo itayumba kila ukigeuza shingo, matundu ya macho yatahama, na kinga ya pua itakugonga pua ukiinama. Hapo watu husema chapeo ya Kigiriki ni nzito na mtu haoni kitu ndani yake. Wagiriki wa kale waliivaa vitani kwa zaidi ya miaka 200, na wasingefanya hivyo kama ingekuwa kipofu kiasi hicho. Kasoro huwa iko ndani: bitana haipo, au ipo mahali pasipostahili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni juu ya kuikalisha chapeo kichwani. Shungi, yaani nywele za juu ya chapeo, na mng'ao vinafuata baadaye.

Anza na zama, kisha chapeo

Kabla ya kulipa pesa, uliza kikundi chako kinaigiza miaka ipi. Chapeo ya Korintho, ile inayofunika uso wote na kuacha matundu mawili ya macho na mwanya wima wa mdomo, ilianza kutengenezwa karibu mwaka 700 KK na ilikuwa bado inavaliwa wakati wa vita na Waajemi, 490 hadi 479 KK. Katika makumbusho ya Olympia iko moja yenye maandishi yanayosema Miltiades aliitoa kwa Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki; Miltiades ndiye jemadari wa Athene aliyewashinda Waajemi kwenye vita vya Marathon mwaka 490 KK. Jina la Korintho nalo ni la kale. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, katika kitabu chake cha nne, anaeleza sikukuu ya watu wa Libya ambao walimvika msichana mrembo kuliko wenzake chapeo ya Korintho na silaha za Kigiriki.

Umbo lenyewe lilibadilika. Za mwanzo hazina mstari unaotenga fuvu na uso, na pembeni zina matundu madogo mengi ya kushonea bitana. Za baadaye zina ukingo unaozunguka juu ya paji kama mshono, na nyuma zimepinda nje kulinda ukosi. Umbo la mwanzo liendane na deraya ya shaba ya mfano wa kengele; la baadaye laweza kwenda na deraya ya kitani. Kosa linaloonekana mara nyingi uwanjani ni kuvaa chapeo ya mwaka 650 KK na kushika vifaa vya zama za Aleksanda.

Kama kikundi chako kinaigiza Vita vya Peloponnesos kati ya Athene na Sparta (431–404 KK), usinunue Korintho. Nunua pilos, ile ya umbo la pia lisilo na kitu usoni. Ni rahisi, nyepesi, unasikia na kuona, na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza. Mpanda farasi wa karne ya nne KK avae ya Boiotia yenye ukingo mpana. Xenophon, mwandishi na jemadari wa Kigiriki, mwenyewe aliipendekeza kwa wapanda farasi. Anayetaka uso uliofunikwa kiasi lakini masikio wazi atazame mtindo wa Kalkidia.

Madini na unene

Chapeo za asili ni za bronzi, yaani shaba nyekundu karibu asilimia 90 iliyochanganywa na stani karibu asilimia 10. Nakala nyingi za leo ni za brasi, shaba ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu na zinki. Mtu aliye hatua tano mbele yako hatazitofautisha. Aina ya tatu ni chuma laini kilichopakwa brasi juu. Hiyo iache: mpako hulika kwanza kwenye kingo na kwenye kinga ya pua, penye jasho na mikono, kisha kutu hutoka chini yake na huwezi kuirudisha. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Ikishika, chini ni chuma.

Muulize muuzaji unene kwa milimita, wala usiridhike na neno "nzito". Brasi ya milimita 0.8 ni pambo la kabati. Ukishika mashavu ya chapeo kuivuta chini yatapinda mkononi. Milimita 1.2 inafaa kuvaliwa, na uzito wake bila bitana huwa kati ya kilo 1.5 na 2. Ikizidi kilo 3 pamoja na bitana na shungi, shingo itachoka kabla ya mchana. Chapeo za kale nyingi zilikuwa nyembamba juu ya utosi na nene kwenye kinga ya pua, kwa kuwa fundi aliyesukuma madini kwa nyundo aliweza kuyapeleka anakotaka. Nakala inayotokana na bamba la unene mmoja haiwezi hivyo, ndiyo maana ya milimita 1.2 huhisi nzito juu na bado pua yake ni dhaifu.

Uliza pia kama ni kipande kimoja au ni nusu mbili zilizochomelewa katikati. Nusu mbili si dhambi, ila pitisha kidole ndani kwenye mshono. Ukigusa vishimo au uvimbe, mchomeleo haukupenya, na mahali hapo ndipo patakapopasuka.

Vipimo vya kichwa

Utahitaji vipimo vinne: mzunguko juu ya nyusi na masikio, urefu kutoka paji hadi kisogo, upana juu ya masikio, na kimo kutoka utosini hadi usawa wa mboni. Mzunguko pima kwa futi ya fundi cherehani. Kwa urefu na upana, bana kichwa kati ya vitabu viwili vyenye jalada gumu na mwenzako apime nafasi kwa rula. Kama unasuka nywele, pima ukiwa umesuka. Mtindo wa nywele unaweza kuongeza milimita 10 upande mmoja.

Sasa hesabu. Bitana ya milimita 10 pande zote huongeza mzunguko kwa takriban milimita 63 (10 mara 2 mara 3.14). Mwenye kichwa cha sentimita 57 atafute chapeo yenye mzunguko wa ndani wa sentimita 63 hivi. Lakini mzunguko peke yake hudanganya. Kichwa kirefu chembamba na kichwa cha duara vinaweza kuwa na 57 vyote, na chapeo ile ile ikambana mmoja panja na kumlegea mwingine. Dai urefu na upana wa ndani, na hakikisha kila kimoja kinazidi cha kichwa chako kwa milimita 20 hadi 25.

Ikifika, ijaribu ukiwa na kofia ya sufu kichwani. Tikisa kichwa, itika, tazama juu. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulisahau: isukume chapeo nyuma mpaka ikae juu ya utosi, uso ukiwa wazi, ncha za mashavu zikiegemea juu ya paji. Ndivyo Wagiriki walivyoivaa wakati hakuna mapigano, na ndivyo mungu wa kike Athena na Perikles, kiongozi wa Athene, wanavyoonekana kwenye sanamu. Ikigoma kurudi nyuma, nafasi kati ya kinga ya pua na ukingo wa ukosi ni finyu, na hiyo hutaitengeneza kwa bitana. Irudishe kwa muuzaji.

Kunyoosha umbo na kingo

Brasi hukubali kusogezwa kidogo. Laza chapeo ubavu juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, gonga kwa nyundo ya mti au ya raba, milimita 2 au 3 kwa mara moja, kisha geuza upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Usigonge kwa nyundo ya chuma. Kila pigo litabaki kama alama. Kadiri unavyogonga ndivyo brasi inavyokuwa ngumu, na utajua imefika mwisho pale inapoanza kurudi ilikotoka kama springi. Simama hapo. Usiipashe moto ili ilainike, kwa sababu moto utalainisha uso mzima na mashavu yataanza kulegea. Kazi inayozidi hapo mpe fundi anayenyoosha bodi za magari: ana vifuawe vidogo vya mviringo na jicho la kuona mbonyeo.

Nyufa huanzia mahali pamoja karibu kila mara: kona ya ndani ya jicho, panapokutana na kinga ya pua. Kona iliyokatwa kwa pembe kali hukusanya nguvu zote za madini. Isugue kwa tupa ndogo ya duara mpaka kona iwe na mviringo wa angalau milimita 2. Ufa ukishaanza, toboa tundu la milimita 2 mwisho wake kabla ya kuuziba kwa ulehemu, la sivyo utaendelea chini ya ulehemu.

Kingo zote, hasa za macho na ukosi, zipitie kwa tupa kisha msasa namba 120, 240 na 400, mpaka ngozi ya kidole gumba ipite bila kukwaruzwa.

Brasi iliyogongwa ina tabia nyingine ambayo wengi huijua wamechelewa. Ndani yake hubaki mkazo, na mkazo huo ukikutana na amonia, madini hupasuka yenyewe bila kuguswa. Jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi yakipasuka namna hiyo yalipohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi majira ya mvua. Mkojo wa farasi hutoa amonia. Kwa hiyo soma lebo ya dawa ya kung'arishia kabla ya kuitumia, kwani nyingi zina amonia, na usifuate ushauri wa kuloweka chapeo kwenye mkojo ili ionekane ya kale. Ukimpata fundi mwenye tanuri ya kupima joto, aiweke chapeo tupu kwenye nyuzi 260 hadi 300 za Selsiasi kwa saa moja. Mkazo hupungua na ugumu hubaki.

Bitana, ndiyo chapeo yenyewe

Njia inayovumilia msimu mzima ni ya tabaka mbili: kofia ya ndani inayotoka na kufuliwa, na vipande vya felti (kitambaa kinene kilichogandamizwa bila kufumwa) vilivyoshikizwa kwenye madini. Kofia huchukua jasho, felti hurekebisha umbo.

Kwa vyote viwili utahitaji felti halisi ya sufu ya milimita 6, kipande cha sentimita 60 kwa 60, na mita moja ya kitani kizito. Felti ya plastiki usinunue. Haifyonzi jasho na ikishabonyea hairudi.

Kofia ya ndani kata kwa petali sita. Gawanya mzunguko wa kichwa kwa sita: kwa kichwa cha 57 kila petali ni sentimita 9.5 chini, kimo sentimita 17 hivi, na juu inachongoka. Pande zake zipinde nje kidogo kama jani. Ukizikata mstari mnyoofu utapata umbo la pia badala ya umbo la fuvu. Felti shona ukingo kwa ukingo bila kupandanisha, kwa sababu mshono uliopandana utakuchoma utosini baada ya nusu saa. Kitani kata na nyongeza ya sentimita 1 ya mshono, funika ndani na nje, kisha piga mishono ya kupita pande zote kwa umbali wa sentimita 3 ili tabaka zisitelezeane.

Vipande vya kwenye madini usivigundishe mara moja. Vishike kwanza kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Anza na paji: tabaka moja tu ya milimita 6. Watu hupenda kuweka nene hapa kwa hofu ya kugongwa, lakini kadiri jicho linavyokuwa mbali na tundu ndivyo unavyoona kidogo, kama kuchungulia kwa tundu la ufunguo ukiwa umesimama mbali na mlango. Jicho likae sentimita 2 hadi 3 nyuma ya madini. Kisogoni weka tabaka mbili au tatu mpaka kichwa kisukumwe mbele kufika hapo. Panja tabaka moja au mbili. Utosini weka duara la sentimita 10, na unene wake ndio unaoamua kimo cha macho: mboni ikiwa juu ya kati ya tundu, ongeza kidogo; ikiwa chini, punguza.

Kati ya pua na kinga yake ibaki nafasi ya milimita 10. Ikigusa, ongeza paji kidogo hata kama macho yatapoteza kitu. Kinga ikisukumwa inaenda moja kwa moja kwenye mfupa wa pua.

Sasa vaa dakika 20, tembea, panda ngazi, piga kelele ya vita. Vua ujitazame kwenye kioo. Kila alama nyekundu ni mahali pa kupunguza felti. Rudia mpaka alama ziishe, na hapo ndipo ugundishe.

Gundi ya mafundi viatu inashika vizuri mno kiasi kwamba kuibandua ni kukwangua. Kwa hiyo gundisha kwenye madini vipande vya kitani tu, kisha felti ishone kwenye kitani hicho kwa uzi uliopakwa nta. Felti ikichakaa unakata nyuzi na kushona mpya. Gundi ya ngozi waliyokuwa nayo watu wa kale huachia kwa maji ya uvuguvugu, na jasho la mchana mmoja linatosha kuilainisha. Kama nakala yako ina matundu ya pembeni kama zile za mwanzo, shona bitana moja kwa moja kupitia matundu hayo, lakini yalainishe kwanza kwa msasa uliokunjwa, maana makali yake hukata uzi.

Mashavuni weka ngozi nyembamba tu, au usiweke kitu. Taya lazima lifunguke. Na kila ngozi itakayogusa brasi iwe na kitani katikati: mafuta ya ngozi hukutana na shaba na kutoa uchafu wa kijani kama nta, unaoharibu vyote viwili. Ribiti ziwe za shaba au brasi. Za chuma hulika haraka zikikaa na brasi kwenye jasho.

Shungi

Kwenye michoro ya vyungu vya Kigiriki shungi limekaa kwa namna mbili: limelala juu ya fuvu lenyewe, au limenyanyuliwa kwa kijiti. La kulala ni imara zaidi na halinasi kwenye mikuki ya wenzako. Shungi linalopita juu ya kichwa kwa upana, kutoka sikio hadi sikio, lipo pia. Sanamu ndogo ya askari wa Sparta iliyoko makumbusho ya Wadsworth Atheneum, Hartford, Marekani, inalo. Mmoja kwenye safu anatosha. Safu nzima ikivaa hivyo, picha inaharibika.

Kata mti laini, msonobari unafaa, urefu sentimita 30, upana 2.5, kimo 3. Upande wa chini uchonge ufuate mviringo wa fuvu. Pima kwa kipande cha karatasi ngumu kwanza. Juu toboa safu mbili za matundu ya milimita 5, kina milimita 15, umbali sentimita 1 kati ya tundu na tundu. Utapata matundu karibu 60. Pasua kitita cha nywele za mkia wa farasi kwa kila tundu, funga mizizi kwa uzi, chovya kwenye gundi ya mbao, ingiza, acha siku nzima. Gramu 250 hadi 300 za nywele zitatosha. Kata juu kwa sentimita 10 hadi 12 baada ya gundi kukauka, kamwe si kabla, na nyuma acha mkia unaoning'inia. Mti upake rangi miraba au mistari kama ilivyo kwenye vyungu.

Nywele za farasi ni ghali na Afrika Mashariki hazipatikani kirahisi, ila mkonge wa Tanga au Kenya unapatikana na ukichanwa vizuri kwa chanuo la chuma hukaa kama nywele. Angalia rangi tu. Rangi za sufu zinazotiwa siki hushika nywele za farasi kwa sababu ni za mnyama. Mkonge ni mmea, hivyo utachuja rangi hiyo yote kwenye maji ya kwanza. Tumia rangi ya pamba. Na ukinyeshewa, utundike mkonge ukichuruzika. Ukikauka umelala unabaki na kigongo.

Shikiza shungi kwa vikulabu viwili vya brasi, mbele na nyuma, ili litoke unaposafiri. Wanaotoboa fuvu na kupitisha boliti wajue kwamba nati ya ndani itakuwa juu ya utosi wao. Kama boliti zipo tayari, kata ncha zilizozidi, weka washa pana na funika kwa felti mbili.

Uwanjani

Chapeo ya brasi ya milimita 1.2 inafaa gwaride, mafunzo ya safu na mapambano ya mikuki yenye ncha za mpira. Haikuundwa kupokea panga za chuma, na matundu ya macho yako wazi kwa kitu chochote chembamba. Kikundi kiwe na kanuni moja isiyojadiliwa: hakuna kuchoma kuelekea uso.

Masikio yamefunikwa, hivyo amri za mdomo hupotea. Kubalianeni ishara za tarumbeta, au mtu wa pembeni apitishe amri kwa kugusa bega la jirani. Kwenye jua kali isukume nyuma kila mapigano yanapokatika na unywe maji. Usiiache juani ikiwa tupu, kwa maana utavaa sufuria iliyotoka jikoni.

Usafi

Rangi ya kijani ya makumbusho ilitoka udongoni. Askari aliyekuwa hai alivaa chapeo ing'aayo kama dhahabu, na mwigizaji naye avae hivyo. Changanya unga vijiko viwili, chumvi kijiko kimoja, na siki kiasi cha kupata uji mzito. Paka, acha dakika 10, sugua kwa kitambaa, suuza kwa maji mengi. Suuza tena. Chumvi ikibaki kwenye kona za macho itakula madini usiku kucha. Kausha kabisa, kisha paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, safu nyembamba, na futa.

Baada ya kila siku ya kuvaa, toa kofia ya ndani, futa madini kwa kitambaa cha maji matupu, kausha, na acha bitana ipate hewa usiku mzima kabla ya kuifungia. Unaposafirisha, usiisimamishe juu ya mashavu, hupanuka kidogo kidogo na miezi michache baadaye chapeo inalegea. Ijaze nguo ndani, ilaze kwa kisogo ndani ya boksi, shungi likiwa kando kwenye mfuko wake.